MIEZI TISA AU MIAKA MITATU: MKOPO WA SERIKALI NA UREFU WA MASOMO

(Hotuba ya Kamati ya Elimu ya tawi letu, iliyosomwa Kisian mbele ya wanachama na jamaa zao. Twaichapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Twajua ya kwamba wengine wenu mmetoka kazini asubuhi hii bila kulala, na wengine mmeacha shamba mvua ikiwa imeanza. Basi hatutawachosha kwa maneno mengi yasiyo na faida. Tumekuja na jambo moja tu, nalo ni hili: mtoto akimaliza shule akataka kujifunza kazi, Serikali humsaidia kwa fedha au haimsaidii? Na kwa nini jibu hubadilika kwa kufuata urefu wa masomo yake?

Jambo hili halikuanzia katika vitabu. Liliingia katika kamati yetu kwa mlango wa nyumba ya mwenzetu mmoja, mlinzi wa usiku, ambaye wengi mwamfahamu na ambaye ameturuhusu tuseme habari yake bila kutaja jina. Binti yake alimaliza kidato cha nne. Akapata nafasi ya kujifunza ushonaji na ubunifu wa mavazi katika chuo kimoja cha watu binafsi, kozi ya miezi 9. Karani wa chuo akamwambia baba, “Lipa muhula wa kwanza, mzee, uliobaki utalipwa na mkopo wa Serikali.” Mzee akauza mtamba wake, akakopa kidogo katika Sacco, akalipa. Muhula wa pili ulipofika binti akajaza maombi ya mkopo. Chuo chake hakikuwamo katika orodha, wala kozi yake haikuwamo. Akarudishwa nyumbani. Leo hii anauza samaki wa kukaanga karibu na njia panda, pale barabara ya Busia inapoachana na ile ya Bondo. Cherehani aliyoazimwa na shangazi yake imefunikwa nguo.

Mama yake alikuja mbele ya kamati akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. Alisema, “Kijana wa jirani anasoma miaka 3, naye amepewa mkopo. Wangu alitaka miezi 9 tu, kisha aanze kazi na kulipa. Sasa yupi kati yao angeirudishia Serikali fedha yake upesi?” Tulinyamaza. Tukamwahidi kwamba tutatafuta. Hotuba hii ndiyo jibu letu.

MKOPO HUU ULITOKA WAPI

Kwanza yafaa tujue mkopo ulianzaje. Zamani za ukoloni, mwaka 1952, Serikali ya Kiingereza ilianzisha mfuko wa kuwakopesha Wakenya waliokwenda kusoma vyuo vikuu nje ya Afrika Mashariki. Baada ya Uhuru, katika mwaka wa fedha wa 1974/75, Serikali yetu ikaanza kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu. Fedha nyingi zilitoka, chache zikarudi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo sote twaiita HELB, ili itoe mikopo na pia ikusanye madeni.

Tazameni jina lenyewe: Elimu ya Juu. Mkopo ulizaliwa kwa ajili ya mwanafunzi wa digrii, mtu wa miaka 3 au 4 katika chuo kikuu. Fundi hakufikiriwa. Kwa miaka mingi kijana wa kuchomelea vyuma, wa kushona, wa mabomba au wa umeme hakuwa na fomu ya kujaza. Baadaye ndipo mlango ukafunguliwa kwa wanafunzi wa diploma na wa vyeti katika vyuo vya ufundi vya umma. Mwaka 2018 Serikali ilitangaza kwamba kila mwanafunzi aliyepangwa katika chuo cha ufundi cha umma atalipiwa shilingi 30,000 kwa mwaka, nayo karo ikawekwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Mwanafunzi akabakiwa na shilingi 26,420, na akaruhusiwa kuomba mkopo wa hadi shilingi 40,000, ili salio limsaidie chakula na malazi.

Mwaka 2023 ukaja mpango mpya, wa kupima uwezo wa kila nyumba na kugawa msaada na mkopo kwa kadiri ya uhitaji. Mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua ya kwamba mpango huo umekwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo wakati rufani ikingoja. Twasema haya ili mjue kwamba hesabu za vyuo hubadilika, na mtu asichukue karatasi ya mwaka juzi akadhani ndiyo ya mwaka huu.

UREFU UMEJIFICHA NDANI YA JINA LA CHETI

Sasa twende kwenye kiini. Masharti ya mkopo hayasemi, “Mwenye miezi 9 asiombe.” Yauliza mambo mawili: unasomea cheti gani, na katika chuo gani? Lakini ukivichunguza vyeti vyenyewe, utaona kwamba kila kimoja kina muda wake. Diploma, ambayo ni ngazi ya 6, kwa kawaida huchukua kama miaka 3. Cheti cha ufundi cha ngazi ya 5 huchukua kama miaka 2. Cheti cha ngazi ya 4 huchukua kama mwaka 1. Kozi ya wiki 6 au miezi michache, isiyofikia cheti cha taifa, haina mahali pa kuandikwa. Kwa hiyo urefu wa masomo umejificha ndani ya jina la cheti. Hukataliwi kwa kuwa kozi yako ni fupi; wakataliwa kwa kuwa ufupi wake umeinyima jina.

Binti ya mwenzetu aliangukia mashimo mawili kwa pamoja. Chuo chake si cha umma, na cheti chake kilikuwa cha chuo chenyewe, si cha taifa. Lau angeijua habari hii kabla ya kuuzwa ule mtamba, angejifunza ushonaji huo huo katika chuo cha umma, kwa cheti cha ngazi ya 4 au ya 5, na mtamba ungalikuwa zizini.

KWA NINI SERIKALI YATAZAMA UREFU

Ndugu, haifai kumlaumu mtu kabla ya kumsikiliza. Tumejiuliza, Serikali ina sababu gani? Tumeziona tatu.

Ya kwanza ni ulaghai. Ni rahisi mtu kukodi chumba kimoja juu ya duka, akabandika kibao, akaita wiki 4 chuo. Fedha za umma zikimfuata kila mwenye kibao, vibao vitajaa kutoka hapa hadi Maseno. Mashariti ya muda na ya cheti ni kama lango. Ndiyo maana pia sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 iliunda TVETA, mamlaka ya kuvisajili na kuvikagua vyuo hivyo.

Ya pili ni gharama ya kazi yenyewe. Kumwandika mwombaji, kumchunguza, kumlipia na kumdai baadaye ni kazi ile ile, awe amekopa 5,000 au 120,000. Ofisi hupendelea deni kubwa moja kuliko madogo ishirini.

Ya tatu ni ile hoja ya kwamba kozi fupi huweza kulipwa na mtu mwenyewe au na mwajiri wake.

Hoja ya kwanza twaikubali kabisa. Ya pili twaielewa. Ya tatu twaikataa mbele yenu wote! Mwenye kusema hivyo hajapata kuishi kwa mshahara wa mlinzi. Kwa mtu wa mshahara mdogo, shilingi 30,000 za mara moja ni ukuta, hata kama kozi ni ya siku 90. Tena mwenye haja ya kozi fupi ni nani? Ni yule asiyeweza kukaa miaka 3 bila kuingiza senti nyumbani. Mama aliyeachiwa watoto. Kijana ambaye wadogo zake wamtazama yeye. Mzee wa miaka 40 ambaye mashine mpya imemfuta kazi. Basi sheria yenye kumpa wa miaka 3 na kumwacha wa miezi 9 humsaidia mwenye uwezo wa kungoja na kumwacha asiyeweza kungoja.

WENGINE WAMEFANYAJE

Yafaa tutazame nje ya Kisian. Jirani zetu Tanzania waliunda Bodi yao ya mikopo kwa sheria ya mwaka 2004, na kwa muda mrefu mkopo ulikuwa wa digrii. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24 wakaanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani walizozichagua. Lango limesogea chini kidogo, kama la kwetu.

Marekani wana msaada uitwao Pell, ambao si mkopo. Kwa miaka mingi kozi ya kazi ilipaswa kuwa na wiki 15 na saa 600 za mafunzo ndipo mwanafunzi maskini apate msaada huo kwa ukamilifu. Mwezi Julai 2025 walipitisha sheria ya kuruhusu kozi za wiki 8 hadi chini ya wiki 15, kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Lakini waliweka sharti: katika kila kozi, asilimia 70 ya wanafunzi wamalize, na asilimia 70 ya waliomaliza wapate kazi. Uingereza nao walipitisha sheria mwaka 2023 ili karo iweze kuhesabiwa kwa uzito wa somo, isihesabiwe kwa mwaka peke yake.

Twajifunza nini? Twajifunza kwamba lango la ulaghai laweza kulindwa kwa kipimo kingine kisichokuwa muda. Muulizeni mwenye chuo: wangapi walimaliza, na wangapi wanafanya kazi? Mwenye kibao juu ya duka hataweza kujibu. Mwalimu wa kweli atajibu, hata kama kozi yake ni ya miezi 3.

Hata hapa kwetu jambo hili limekwisha kujaribiwa. Ulikuwako mpango wa ajira kwa vijana ulioanza mwaka 2016 kwa fedha za Benki ya Dunia, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa kaunti zake. Vijana walifundishwa kwa miezi michache, kisha wakawekwa kazini kwa mafundi, nao walilipwa posho. Mpango huo umekwisha. Lakini ulionyesha ya kwamba Serikali ikitaka yaweza kumlipia mwanafunzi wa miezi michache. Haikosekani njia; kinachokosekana ni sheria ya kudumu.

HISTORIA YETU WENYEWE

Ndugu wanachama, chama cha wafanyakazi kisidharau masomo mafupi, maana viongozi wetu wengi walipita njia hiyo. Tom Mboya, kijana wa Rusinga, hapa hapa katika ziwa letu, hakuwa na digrii. Alijifunza kazi ya ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi, akaanzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1955 alikwenda Chuo cha Ruskin kule Oxford, chuo cha wafanyakazi, akakaa mwaka 1 tu kwa msaada wa masomo. Alirudi mwaka 1956, na kazi aliyoifanya mwaijua. Ni yeye aliyesaidia kutafuta ndege ya mwaka 1959 iliyowachukua wanafunzi 81 kwenda vyuo vikuu vya Marekani.

Tazameni vizuri. Yeye mwenyewe alisaidiwa kwa masomo ya mwaka 1, na akawatafutia wengine masomo ya miaka mingi. Hakusema kwamba mafupi ni mabaya au marefu ni mabaya. Alijua kila kazi ina kipimo chake. Na mwaka 1958 vyama huru vya wafanyakazi vya dunia vilipofungua chuo Kampala, wanafunzi wake walikaa kwa miezi, si kwa miaka, wakarudi kuongoza matawi.

HATARI YA UPANDE WA PILI: MASOMO YANAYOREFUKA

Tumesema juu ya ufupi. Sasa tuseme juu ya urefu, maana nao una shimo lake.

Mkopo huombwa upya kila mwaka, nao umepangwa kwa kufuata miaka ya kozi. Mwanafunzi akirudia mwaka, au akiacha kati kisha arudi, nyumba hubaki na gharama ambazo hesabu ya mwanzo haikuzijua. Afrika Kusini wameandika wazi: mfuko wao humlipia mwanafunzi wa chuo kikuu miaka ya kozi yake na mwaka 1 zaidi, kisha basi. Sisi yafaa tujiandalie wenyewe.

Na wakati mwingine kosa si la mwanafunzi. Baada ya jaribio la mapinduzi la mwezi Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka 1. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga vyuo vyote. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49 wakidai haki yao. Nasi kama wafanyakazi twasimama nao, maana mwajiri angelipa mapema mgomo usingekuwako. Lakini chumba cha mwanafunzi hulipiwa hata siku ya mgomo. Twasema chuo kikifungwa, siku zilizopotea zisihesabiwe juu ya kichwa cha mwanafunzi.

Wazee wakumbuke pia kwamba mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliirefusha digrii ya kawaida kutoka miaka 3 hadi miaka 4. Kwa mwenye kukopa, huo ni mwaka mzima wa deni ulioongezwa na mpango wa elimu. Mfumo mpya ulioanza mwaka 2017 umekusudia kuirudisha digrii kwenye miaka 3. Watakaofika huko waangalie vema: mwaka ukipungua, na deni lipungue.

HESABU YA DENI

Jaduong' mmoja aliyekaa pale mbele alituambia kabla ya mkutano, “Msituletee maneno matamu ya mkopo. Mkopo ni deni.” Amesema kweli, nasi tumeleta hesabu.

Chukueni mfano wa mkopo wa shilingi 40,000 kwa mwaka. Mwaka 1 ni 40,000. Miaka 2 ni 80,000. Miaka 3 ni 120,000. Riba ya mikopo hii ni asilimia 4 kwa mwaka; katika 120,000, hiyo ni shilingi 4,800 kwa mwaka wa kwanza. Ni riba ndogo kuliko ya benki. Mkopaji hupewa mwaka 1 baada ya kumaliza masomo, kisha huanza kulipa. Akiajiriwa, mwajiri hukata katika mshahara na kupeleka kwa Bodi. Lakini asiyelipa, na asiyesema neno, hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Miezi 12 ya kunyamaza ni shilingi 60,000, yaani nusu ya deni lote la mfano wetu! Kwa hiyo kijana asiye na kazi asijifiche. Aandike kwa Bodi aeleze hali yake.

Tena kuna gharama isiyoandikwa katika fomu. Tuseme, kwa mfano tu, fundi mchanga apata shilingi 10,000 kwa mwezi. Aliyemaliza katika miezi 9 amemtangulia wa miaka 3 kwa miezi 27, nayo ni shilingi 270,000. Wa diploma aweza kumpita baadaye kwa mshahara mkubwa na kwa kupandishwa cheo. Aweza pia asimpite. Hatuwaambii wachague kozi fupi, wala hatuwaambii wachague ndefu. Twasema pigeni hesabu zote mbili mezani, mtoto akiwa amekaa nanyi, kabla ya kuuza ng'ombe.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KULIPA SENTI

Kwanza, uliza kama chuo kimeandikishwa na TVETA, na kama ni cha umma. Usimuulize karani wa chuo hicho. Uliza mahali pengine, kisha urudi kwake na jibu mkononi.

Pili, uliza jina kamili la cheti na ngazi yake, na nani atakayesimamia mtihani. Cheti cha chuo chenyewe si cheti cha taifa.

Tatu, omba nafasi kwa njia ya KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni. Mwenye gredi ya C- katika mtihani wa kidato cha nne aweza kuomba diploma. Mwenye D aweza kuomba cheti cha ufundi. Na aliye chini ya hapo asikate tamaa, maana ngazi ya chini ya ufundi yampokea. Hapa karibu tunayo Kisumu National Polytechnic na chuo cha Ramogi, ambavyo mtoto aweza kuvifikia kwa matatu na kulala nyumbani.

Nne, kwa mtu aliyekwisha kujifunza kazini, uko mtihani wa ufundi wa NITA, wa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Mtihani huo hupima mkono. Fundi aliyejifunza kwa mjomba wake chini ya mwembe aweza kwenda kuonyesha kazi yake akapata cheti.

Tano, weka kila karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Stakabadhi ya karo, barua ya chuo, namba ya maombi ya mkopo, vyote vikae katika bahasha moja.

MAPENDEKEZO YETU

Bwana Mwenyekiti, tumefika mwisho. Kamati yaweka mbele ya mkutano mambo matatu.

La kwanza ni kwa mwajiri. Kwa sheria, mwajiri hulipa NITA ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi. Fedha hiyo ni yake kutoa, haikatwi katika mshahara wetu, na mwajiri anayefundisha watu wake aweza kudai kurudishiwa gharama. Basi twataka tawi limwandikie mwajiri wetu, kwa heshima lakini kwa uwazi, tuulize: ni wafanyakazi wangapi wamepelekwa mafunzoni kwa ushuru huu, na ni lini zamu yetu?

La pili ni kwa Serikali. Vyuo vya umma vinahamia mtindo wa moduli, ambapo mtu husoma sehemu moja, akapata cheti cha sehemu hiyo, akaenda kazini, kisha akarudi kwa sehemu nyingine. Mtindo huu wamfaa mfanyakazi kuliko wote. Lakini ukiwa na moduli ya miezi michache na fedha ya mwaka mzima, viatu na miguu havitalingana. Twaomba fedha ifuate moduli. Anayesoma robo alipiwe robo na akopeshwe robo. Na kozi fupi ipimwe kwa watu waliomaliza na waliopata kazi, isipimwe kwa kalenda peke yake. Tupeleke neno hili juu, katika makao makuu ya chama, lifike kwa wakubwa kwa sauti ya wengi.

La tatu ni letu wenyewe. Mwajiri hutoa shilingi 50 kwa kichwa chako. Je, wewe hutatoa 50 kwa kichwa cha mwanao? Wanachama 100 wakitoa shilingi 50 kila mwezi, ni 5,000 kwa mwezi na 60,000 kwa mwaka. Twapendekeza mfuko wa masomo mafupi, wa kuwakopesha bila riba wale ambao fomu ya Serikali haiwajui, kwa chuo kilichoandikishwa tu, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi watu wote wasome. Fedha isiyoonekana huleta maneno. Sisi twataka ionekane.

Na yule binti? Tulikwenda naye katika chuo cha umma. Kazi ile ile ya ushonaji yafundishwa huko kwa cheti cha taifa, na wanafunzi huingia mwezi Januari, Mei na Septemba. Amejaza fomu, angoja mwezi Septemba. Mkopo aweza kuomba sasa. Fedha iliyolipwa kule kwanza haikurudi, na hatuwadanganyi kwamba itarudi. Hivi sasa amepungukiwa na nauli ya muhula na vifaa vya kushonea. Kama mkutano huu utakubali pendekezo la tatu, jina lake litakuwa la kwanza katika daftari, naye atalipa kama mtu mwingine yeyote. Baba yake ametuambia hataki sadaka.

Mama, uliuliza yupi angeirudishia Serikali fedha yake upesi. Jibu letu ni kwamba hatujui, kwa sababu wako hakupewa nafasi ya kutuonyesha. Twataka apewe.

Ndugu, haba na haba hujaza kibaba. Tusingoje lango lifunguliwe lote ndipo tuanze kupita. Wenye kukubali watainua mikono, na katibu ataihesabu.

Umoja ni nguvu!

(Wanachama waliokuwapo walikubali mapendekezo yote matatu. Mchango wa kwanza wa shilingi 50 utapokelewa na mweka hazina siku ya mshahara. Waliokuwa zamu nao waombwa wasisahau.)